Vocha ya Uso

Vocha nambari mia nne na kumi na mbili.
Mlipwaji: Mejumaa Ndoro, mwaka wa pili, Uuguzi.
Maelezo ya malipo: uso.

Nimejaza mengi katika ofisi hii:
wino wa mashine, mafuta ya jenereta,
kuzibua vyoo vya bweni la Tudor,
mbuzi wawili wa mahafali.
Uso sijawahi kuulipia.
Kompyuta inauliza: kasma gani?
Nami nakiuliza kiyoyozi, kinachonijibu kwa matone.

Uso wenyewe uko Saba Saba,
juu ya duka la magodoro,
mkubwa kuliko nyumba aliyozaliwa huko Likoni;
mkono wa kushoto hewani, mpira haujaguswa bado,
na chini yake: Njoo Usome Nasi.
Wamekuja. Walioomba nafasi mwaka huu
hatuna pa kuwaketisha.

"Kizuri chajiuza," alisema Bi. Shamsa kikaoni,
akichovya kaimati kwenye shira.
Sawa, chajiuza.
Bei anapokea nani?
Ndilo swali walilouliza wachezaji wa voliboli
siku ile walipoketi chini katikati ya uwanja,
nusu fainali, wavu umeshafungwa,
mpaka baraza likakubali:
jina lake, picha yake, sura yake,
elfu kumi na nane kwa mwezi.
Kukubali ni mdomo.
Kulipa ni mimi.

Nimechokora kila chungu.
Kodi ya ukumbi, harusi za Jumamosi:
ukumbi unavuja, kodi imeishia kwenye mabati.
Kampuni ya maji ya chupa iliahidi mbele ya kamera,
ikaleta maji. Katoni mia tatu.
Mpaka leo tunakunywa ahadi.
Wahitimu tuliwaandikia barua elfu mbili;
mmoja alituma mia tano
na swali kuhusu cheti chake.
Fulana zenye sura yake zinauzwa langoni petu,
ila zinachapishwa Kongowea
na watu wasiojua risiti ni mnyama gani.

Basi ikabaki karo.
Mstari wa kumi na moja, Huduma Nyinginezo,
tumeunenepesha shilingi mia sita kwa kila kichwa.
Vichwa elfu tatu na mia moja.
Hesabu imekubali. Hesabu haina haya.

Jana dirishani kwangu alisimama kijana
na shati la sekondari, beji imebanduliwa,
noti zimebanwa kwa kibanio cha nywele.
Amepungukiwa mia sita kamili.
Jina?
Nyae Ndoro.
Wa Likoni?
Wa Likoni.
Nikamtazama: paji lile lile la Saba Saba,
ila hili lina jasho.
"Dada atanipa akilipwa," akasema.
"Ameambiwa atalipwa mkishakusanya."

Nikacheka, kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa tasi.
Itoke kwake ije kwangu,
kwangu iende kwa dadake,
kwa dadake irudi kwake,
ailete tena hapa dirishani,
na kila izungukapo
chuo kinakata asilimia tano za uendeshaji.

Nyuma ya kabati la mafaili
ipo picha ya timu ya mwaka wa tisini na tatu,
tulipokuwa bado chuo cha ufundi.
Wa pili kutoka kulia, soksi moja imeshuka:
huyo ni Mwadime, huyo ni mimi.
Ilikaa kwenye jalada la kijitabu cha chuo miaka sita.
Malipo nayakumbuka vizuri:
sahani ya pilau, soda ya machungwa,
na mkono wa mkuu wa chuo, laini kama unga.
Sikudai kitu.
Sikujua kwamba uso una mwenyewe.

Kijana nimemwambia aje Ijumaa.
Vocha inataka saini tatu,
na mwenye saini ya pili yuko likizo Voi.
Nimetia yangu.
Mvua imeanza; huko Saba Saba
gundi itakuwa inaachia pembeni, upande wa mkono,
na mkataba nimeusoma mara mbili,
haukutaja mvua.

Nikajikuta nimeinama chini ya meza,
peke yangu, saa kumi na nusu,
napandisha soksi.